Nani Akae Juu: Mafunzo Niliyopata Katika Kupanga Matokeo ya Utafutaji

Mtu akiandika "famasi" kwenye simu yake akiwa Mbagala Rangi Tatu, kompyuta haichukui hata sekunde moja kumletea majina chungu nzima. Kuyapata majina si tatizo tena. Kazi iko kwenye kuamua lipi lishike nafasi ya kwanza, lipi la pili, na lipi libaki kule chini ambako hakuna kidole kinachofika. Kwenye simu ndogo, yenye bando la kuhesabu, anayetafuta huona majina matatu au manne, basi. Hayo mengine kwake ni kama hayapo.

Nimeifanya kazi hiyo kwenye saraka ndogo ya huduma za afya kwa wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam: Mbagala, Chamazi, Buza na Yombo Vituka upande wa Temeke, Tegeta, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni. Orodha ya vituo tuliichota OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kisha tukaongeza vile tulivyoviandikisha wenyewe mtaa kwa mtaa. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayeunganisha programu yake na API ya utafutaji, hata kama anauza vipuri Kariakoo.

1. Umaarufu wa dunia hauifahamu Chamazi

Kila API ya utafutaji huja na maoni yake kuhusu kipi ni muhimu, hata kama hukuyaomba. Nominatim, mtambo wa kutafutia mahali kwenye OpenStreetMap, huipa kila sehemu namba ya umuhimu, na kwa sehemu zenye makala Wikipedia, namba hiyo hutokana na viungo vinavyoelekea kwenye makala hizo. Google nayo mwaka 1998 ilianza kwa wazo la ukoo huohuo: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi zenye hadhi hupanda juu. Wazo ni zuri, na limeisaidia dunia nzima. Lakini linampandisha aliyekwisha kuandikwa.

Chukua jina Mtoni. Kuna Mtoni ya Temeke, unayoipita ukielekea Mbagala. Kuna pia Mtoni ya Unguja, yenye magofu ya jumba la Seyyid Said, ambayo imeandikwa kwenye vitabu vya historia na vya watalii. Magomeni iko Kinondoni, iko Unguja, na Bagamoyo pia ipo. Mbezi ya ufukweni iko Kinondoni, ilhali Mbezi ya Kimara, kwenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iko Ubungo. Mtambo unaopima umuhimu kwa maandishi hauna sababu ya kumpendelea mama aliyesimama Mtoni Mtongani na mtoto mgongoni. Kuubana ubaki Tanzania tu hakutoshi, maana majina haya yote yamo Tanzania. Ndiyo maana kila swali linalotoka kwenye saraka yetu hubeba mahali alipo muulizaji, na asiporuhusu simu itoe mahali alipo, tunamwomba achague kata.

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imejenga pembezoni, kule ambako nyumba zimewahi kufika kabla ya lami na kabla ya maandishi. Nisingekuwa na cha kupandisha wala kushusha kama wengine wasingetangulia kuichora mitaa hiyo. Tandale ilichorwa na wakazi wake mwaka 2011. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakipita na wenyeji kwenye kata zinazofurika, wakichora mitaro, vichochoro, vituo vya afya. Kila ninapoona zahanati ya uchochoroni ikitokea kwenye matokeo, nawakumbuka vijana wale na buti zao za tope. Fomula haiwezi kumpa uzito asiyekuwepo.

2. Kuchuja, kupendelea na kupanga ni kazi tatu

Hapa ndipo palipo na faida kubwa kuliko pote, na ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, kwa sababu kwenye nyaraka za API kazi hizi hukaa ukurasa mmoja na wakati mwingine hutumia kigezo kimoja.

Kuchuja ni kutoa nje. Kisichokidhi sharti hakionekani kabisa. Kupendelea ni kukipa kitu uzito zaidi huku vingine vikibaki ndani na nafasi yao ya kushinda. Kupanga ni kuweka kando alama zote za ulinganifu na kufuata kipimo kimoja tu: tarehe, bei au umbali. Google kwenye API yake ya utafutaji maalumu imezitenganisha vizuri. Unaweza kuiamuru ipange kwa tarehe bila kujali kitu kingine, au uiambie iegemee tarehe kwa nguvu, au iegemee kidogo tu. Nominatim nayo hukuruhusu kuchora kisanduku juu ya ramani. Ukikiacha hivyohivyo, kisanduku huwa ni upendeleo. Ukiongeza amri ya kufunga mipaka, kinageuka kuwa chujio.

Sasa mlete mama wa Mbagala mwenye barua ya rufaa ya kwenda Mwananyamala. Anaandika "hospitali mwananyamala". Ukiwa umechuja kwa kilomita 5, hapati kitu, na ataamini saraka yako ni bure. Ukiwa umepanga kwa umbali, anapata kila penye neno hospitali kuanzia Rangi Tatu kwenda mbele, na Mwananyamala, iliyo zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo, inazama chini. Upendeleo ndio unaomfaa: ukaribu unahesabiwa, lakini jina alilolitaja kwa makusudi linahesabiwa zaidi.

Kanuni tuliyokaa nayo ni fupi. Tunachuja kile kisichowezekana tu, kama kituo kilichofungwa moja kwa moja. Mengine yote ni upendeleo. Kupanga tunamwachia mtumiaji mwenyewe, kwa kitufe cha "karibu zaidi" kilichoko juu ya orodha. Anayekibonyeza anajua alichokiomba.

3. Zidisha, usijumlishe

Mitambo mingi ya utafutaji, ikiwemo Elasticsearch na Solr, hutoa alama kwa kila jibu kulingana na maneno. Msingi wake mmoja umetoka kwa Karen Spärck Jones, mwanasayansi wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba neno adimu linapasa kubeba uzito zaidi kuliko neno lililojaa kila mahali. Kwenye data yetu "zahanati" iko kila mstari, hivyo haisemi mengi. "Chamazi" ni chache, hivyo inasema mengi. Ila alama hizi hazina kikomo cha juu. Zinaweza kuwa 2, zinaweza kuwa 14, inategemea swali.

Ukaribu, kwa upande wake, kwa kawaida huwekwa kati ya 0 na 1. Tuseme famasi ya mbali ina alama 9 za maneno na ukaribu 0.2, na famasi ya jirani ina alama 6 na ukaribu 1. Ukijumlisha, ya mbali inapata 9.2 na ya jirani 7. Ya mbali imeshinda, na ukaribu ni kama haukuwepo. Ukizidisha, ya mbali inapata 1.8 na ya jirani 6.

Mkunjo wa kushusha uzito kadiri umbali unavyoongezeka nao una tabia yake. Elasticsearch ina mkunjo wa kengele: ukiuambia kipimo ni kilomita 2, kituo kilicho kilomita 2 kinapewa 0.5, kilicho kilomita 1 kinapewa karibu 0.84, na kilicho kilomita 4 kinaanguka hadi 0.06. Kwa famasi, hiyo ni sawa, maana hakuna anayepanda daladala kufuata panadol. Kwa hospitali ya rufaa ni maangamizi, kwa sababu Mwananyamala ikionekana kutoka Mbagala ingezidishwa kwa kitu kinachokaribia sifuri. Kwa hiyo tumeweka sakafu: ukaribu haushuki chini ya 0.2 hata mahali pawe mbali kiasi gani. Mama wa rufaa analipata jina alilolitaja, lenye alama 14 likizidishwa kwa 0.2, yaani 2.8, nalo linaishinda hospitali ya jirani iliyogusa neno "hospitali" peke yake na kupata 2. Na kila aina ya huduma ina kipimo chake. Famasi kilomita 2, kituo cha afya 5, hospitali zaidi.

4. Umbali wa ndege si umbali wa bodaboda

Simama Mtoni Kijichi utazame ng'ambo. Kigamboni unaiona. Kwa mstari ulionyooka vituo vya huko viko karibu kuliko vingi vya Temeke, na hesabu ya umbali ya API yoyote itakuambia hivyo. Ila katikati kuna mkono wa bahari. Kufika huko lazima uzunguke, ama kwa Kurasini upite Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, ama kwa njia ya Kongowe. Bonde la Msimbazi nalo lina mambo yake: mvua ikinyesha kweli, Jangwani hufungwa, na waliokuwa jirani wanakuwa mbali kwa siku nzima.

Kupima umbali wa barabara kwa kila jibu ni gharama, hasa seva ikiwa ndogo. Njia iliyotufaa ni kuligawa jiji kwa pande zinazotenganishwa na maji, kila kituo kikapewa upande wake, na jibu lililo upande mwingine linapunguziwa uzito. Si sahihi kwa mita, lakini haimpeleki mtu ukingoni mwa maji saa tatu usiku.

5. Saa zetu zinaanzia asubuhi

Upendeleo wenye thamani kuliko wote kwa mgonjwa wa usiku ni ule wa "pako wazi sasa hivi". Homa ya mtoto haingoji kupambazuke. OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika saa za kazi, kwa mtindo wa saa 24, na API husoma namba hizo kama zilivyo.

Fomu za mtaani zina mtindo mwingine. Nina moja mbele yangu, ya duka la dawa la Charambe. Mwandikishaji ameandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa: "2:00 – 4:00". Mkazi yeyote anaelewa: saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Kompyuta inaelewa duka linafunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa kumi alfajiri. Duka kama hilo likiingia hivyo, linapandishwa juu usiku wa manane likiwa limefungwa kwa kufuli mbili, na linashushwa mchana wenye duka wakiwa wamekaa kaunta.

Dawa yake haikuwa kuwafundisha waandikishaji saa za kigeni. Fomu ilibadilishwa ikawa na asubuhi, mchana, jioni na usiku pembeni ya kila saa, na programu ndiyo inayogeuza. Kwa fomu za zamani tuliweka kanuni ya tahadhari: saa zikionekana kumfanya mwenye duka alale mchana na kuuza alfajiri, hazitumiki kwenye kupandisha mpaka zithibitishwe kwa simu. Kituo kisicho na saa za uhakika hakiadhibiwi; kinabaki katikati, na chini ya jina tumeandika "piga simu kwanza".

6. Kila jina analolitumia mtu ni jina sahihi

Anayeandika "famasi", anayeandika "duka la dawa" na mzee anayeandika "dawa baridi" wanataka kwenda pale pale, au karibu na pale. Wapo wanaosema "dawa muhimu", kutokana na maduka ya dawa muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 chini ya mpango wa serikali. Rangi Tatu huandikwa "Rangi 3". Mwananyamala hupoteza silabi mdomoni na kwenye kibodi.

Visawe hivi vyote tumeviingiza, lakini kwa uzito wa ngazi: neno alilolitumia mtumiaji mwenyewe linabeba uzito kamili, kisawe chake kidogo pungufu, kosa la tahajia pungufu zaidi. Na hapa uzito unagusa afya ya mtu. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza kila kinachouzwa famasi. Anayeandika "famasi" akiletewa duka la dawa muhimu nafasi ya kwanza kwa sababu tu liko hatua chache, anaweza kurudi mikono mitupu na cheti cha daktari mfukoni. Kwa hiyo visawe hivyo viwili havilingani kwetu, na aina ya duka imeandikwa wazi chini ya jina.

Kingine: zana nyingi za kupunguza maneno hadi mizizi yake zimejengwa kwa lugha zinazobadilika mkiani. Kiswahili hubadilika mbele: kituo, vituo, duka, maduka. Kwenye lugha zilizoandaliwa ndani ya Lucene, maktaba ya programu iliyobeba Elasticsearch na Solr, sikukikuta Kiswahili. Tumeandika orodha fupi ya jozi za umoja na wingi kwa maneno ya afya, ikatosha. Mtu asingoje zana kamili wakati orodha ya ukurasa mmoja inafanya kazi.

7. Mibofyo haitoshi kuwa shahidi

Inavutia kuiacha programu ijifunze yenyewe: kinachobofywa sana kipande. Tatizo ni kwamba watu hubofya cha kwanza kwa sababu ni cha kwanza. Ukikipandisha kwa mibofyo hiyo, unakilipa kwa nafasi uliyokipa wewe, na zahanati mpya ya Mabwepande haitapata kubofywa hata siku moja.

Kipimo cha kuaminika ni cha zamani. Miaka ya 1960, kule Cranfield, Uingereza, Cyril Cleverdon alipima mifumo ya kutafuta nyaraka kwa kuwa na maswali ya kudumu na watu wa kuamua jibu lipi linafaa. Tumefanya vivyo hivyo kwa ukubwa wetu. Tuna maswali halisi ya watumiaji kwenye karatasi, majibu ya juu ya kila swali, na watu wanaoujua mtaa: muuguzi mstaafu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, madereva wa bodaboda. Tukibadilisha uzito wowote, karatasi zinachapishwa upya na wanaulizwa tena.

Mmoja wa bodaboda wa Rangi Tatu aliitazama orodha ya "zahanati ya usiku" akaweka kidole kwenye jina la tatu. "Kaka, hii ndiyo ya kwanza," akasema. "Hizo za juu mlinzi anakujibu dirishani daktari hayupo. Hii nimeshapeleka wajawazito, wanapokea." Hakuna mbofyo ungeniambia hivyo. Kuanzia hapo kituo kilichothibitishwa kupokea wagonjwa usiku kina alama yake tofauti na kile kilichoandika tu "saa 24" ukutani.

8. Kanuni za mpangilio zikae nyumbani kwako

Seva ya umma ya Nominatim hairuhusu zaidi ya ombi 1 kwa sekunde, na hairuhusu kuitumia kukisia neno wakati mtu bado anachapa. Google kwenye API yake ya utafutaji maalumu ilikuwa ikitoa maswali 100 tu ya bure kwa siku. Microsoft ilizifunga API za utafutaji za Bing tarehe 11 Agosti 2025, na waliokuwa wamezitegemea wakaanza upya. Tumia API ya mtu ikuletee majina, lakini uzito, sakafu, visawe na pande za maji viwe kwenye faili lako mwenyewe, unaloweza kulihamisha. Na majibu yakifungana alama, weka kitu cha kuamua kisichobadilika, kama namba ya kituo. Bila hivyo mtu atafungua ukurasa wa pili akutane na kituo alichokiona kwenye ule wa kwanza, na kingine hatakiona kabisa.

9. Anayelipa aonekane kuwa amelipa

Haikuchukua muda mrefu kabla simu hazijaanza. "Mdogo wangu, nipandishe juu hapo Tegeta, nami sitakusahau." Kwa upande wa programu, ni kazi ya dakika moja: unaongeza uzito kwenye namba ya kituo hicho na hakuna atakayejua. Ndiyo maana jambo hili linahitaji uamuzi kabla ya simu kupigwa. Sergey Brin na Larry Page wenyewe, katika andiko lao la 1998 kuhusu Google, walionya kwamba mtambo wa utafutaji unaoishi kwa matangazo utaelekea kwa watangazaji na kuwapa kisogo wanaotafuta. Kwenye huduma za afya, mwelekeo huo una maana mgonjwa anapelekwa mbali zaidi ili mtu alipwe.

Tulichokiamua ni kwamba uzito hauuzwi. Tangazo likija, litakaa kwenye kisanduku chake chenye neno TANGAZO, nje ya orodha, na halitagusa alama za mtu yeyote.

Mwenye famasi yule wa Tegeta nilimweleza kwamba kuna njia ya kupanda isiyolipiwa: saa za kazi zilizothibitishwa, namba ya simu inayopokelewa, na alama ya ramani iliyo mlangoni kwake kweli. Alama yake ilikuwa imechomekwa ng'ambo ya Barabara ya Bagamoyo. Aliituma sehemu sahihi kwa WhatsApp siku ileile, pamoja na picha ya cheti cha usajili na orodha ya zamu za usiku, na siku hizi akifunga mapema kwa msiba au sikukuu hututumia ujumbe yeye mwenyewe.